Sura Alizotafuna Wakala

Mswada ulirudi kutoka kwa Wakala umelowa. Haikuwa mvua, maana jua lilikuwa kali wiki nzima. Ulikuwa na utelezi mzito uliogandisha kurasa pembeni, na ulinuka kama tambara la jikoni lililosahauliwa ndani ya ndoo. Fundi aliuanika juu ya meza ya cherehani, akaosha mikono kwa sabuni, akanusa vidole, akaosha tena.

Alipaswa kuuliza palepale. Lakini mfamaji haishi kutapatapa, na wachapishaji wote aliowaandikia walikuwa wamemkataa. Wakala huyu, ambaye kazi yake ni kuwatafutia waandishi wachapishaji, ndiye pekee aliyemwita ofisini na kumwambia, "Hiki ni kitabu, mama." Kilikuwa kitabu chake cha kwanza: maisha ya mama yake mzazi, kama mama mwenyewe alivyomsimulia sura kwa sura, huku Fundi akishona sare za shule.

Wakala alikuwa na utaratibu wake. Hakuondoa hata mstari bila ruhusa. Aliweka kidole kwenye sura, akamtazama Fundi machoni, akasema kwa upole, "Hii inachosha. Niondoe?"

"Ondoa tu, mzee. Wewe ndiye unayejua."

Ndivyo wajibuvyo waandishi wachanga, wakiogopa kuonekana wabishi. Ikaondoka sura ya utoto wa mama. Ikaondoka sura ya biashara yake ya mkaa. Ikaondoka sura ndefu ya marehemu baba, jinsi alivyoposa akafukuzwa, akarudi kuposa na nguo zilezile.

"Wasomaji wa leo hawana muda na wazee," Wakala alisema, akameza mate kwa kishindo.

Nyumbani, mama akaanza kutafuna. Kinywa kitupu, mchana kutwa, nya, nya, nya, udenda ukimtiririka mpaka kifuani. Dada mkubwa wa Fundi alimfungua kinywa, akachokoa kwa kidole, akatoa donge la kijivu linalovutika kama kamasi. Lilikuwa karatasi.

"Mama, umekula nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mama," Fundi alinong'ona, "yule mteja wako wa mkaa, aliyekimbia na gunia likapasuka njiani..."

"Mkaa gani?"

Dada alimvuta Fundi uani. "Mdogo wangu, hili si la kawaida. Kuna jini linamla mama. Maneno yake umempa nani?"

Fundi alinusa lile donge. Aliijua harufu ile.

Alifika ofisini bila kubisha hodi. Wakala alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya meza, na Fundi alisikia nya, nya, nya kabla hajaona kitu, kisha akaona taya likiteremka chini kuliko taya la mtu linavyoweza kuteremka, na ulimi mrefu, mweupe, wenye mabaka ya wino, ukizilamba kurasa za baba yake mpaka maandishi yote yakaisha, na kurasa tupu zikakunjwa, zikasokotwa, zikasukumwa shavuni kama mtu anayeficha tonge, na mate yakadondoka juu ya viatu vyake, na bado akatafuna.

"Unashtuka nini? Si ulisema niondoe?" alisema, mdomo umejaa. "Sisi hatuli tusichoruhusiwa. Kaa, nina habari njema. Mchapishaji amekubali. Imebaki sura moja tu ya kuondoa, ile mama anapokuzaa wewe. Niondoe?"

Niseme ukweli, ingawa unatia kinyaa kuliko yale mate: Fundi alifikiria. Aliliona jina lake juu ya jalada. Aliwaona wachapishaji wote waliomkataa wakilisoma.

"Usiondoe," alisema mwishowe. "Na zile nyingine nirudishie."

Wakala alicheua. "Zile zimeshakuwa nyama yangu. Hata wewe zitakutoka. Na kitabu basi hakuna."

"Kisiwepo!"

Aliinyakua ile sura moja, inavuja, akateremka ngazi mbio huku akitapika.

Mama alikuwa kitandani, ameacha kutafuna. Alimtazama Fundi, uso ukamng'aa.

"Mwanangu! Njoo nikwambie ulivyozaliwa. Ulikuja umetanguliza miguu, mkunga akasema huyu atakuwa mkaidi."

Fundi alicheka huku analia, akamfuta udenda kidevuni. "Na baba, mama? Baba alikuwa wapi siku hiyo?"

"Baba yupi?"

"Usijali, mama. Nitakusimulia mimi."

Alikuwa amelelewa na baba yule mpaka akamaliza shule. Aliketi, akaushika mkono wa mama, akafungua kinywa aanze, na hakupata hata jina la baba.