Pense Iliyokataa Kuachia

Jumamosi ile duka la vyuma la Mgiriki, katikati ya Elisabethville, lilijaa watu hadi mlangoni. Nyuma ya kaunta alisimama Kapinga, gauni la manjano na mkanda mweupe kiunoni. Alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba alijua vyombo vya kazi kuliko wanaume wengi walioingia pale, na kwamba gauni lilimkaa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kijana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa pasi akajipenyeza hadi mbele. Aliitwa Chomba, fundi umeme. Akanyakua pense, koleo la bei rahisi la kubania kosi, vile vichwa vya shaba vinavyovishwa kwenye ncha za waya.

"Nipe hii, mama."

"Hapana. Ile sikuuzishi."

"Juu ya nini?"

Kapinga akaiinua kwenye mwanga wa mlango. "Angalia meno. Mwangaza unapita katikati, haikutane. Haya, bana."

Chomba akabana kosi kwenye waya. Kapinga akaivuta kwa vidole viwili, ikachomoka bila ubishi. Watu wakacheka. Akamtolea nyingine, nzito, yenye mikono mirefu na tundu lake kwa kila unene wa waya.

"Hii njo pense. Ukianza kubana, haifunguke kama haujamaliza. Umesikia?"

"Minasikia," alijibu Chomba, ambaye hakusikia hata neno moja. Macho yake yalikuwa shingoni mwa Kapinga.

"Basi unataka kubana nini nayo?"

"Roho yangu, isitoroke."

"Roho haiko na saizi hapa," Kapinga alisema, lakini alitabasamu hadi duka lilipofungwa.

Mwezi ukapita, na mtaa wao mzima, ulioitwa Kenya, ukajua. Kila Jumapili Chomba alifika kwa kina Kapinga na baiskeli iliyong'aa. Pense aliyonunua siku ile aliiacha kwenye karatasi yake ya mafuta, akiitunzia siku ya mtihani, maana karakana moja mjini ilitafuta fundi mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu jimbo lao la Katanga lijitenge na Kongo, na watu waliotoka jimbo la Kasai walinyooshewa vidole barabarani. Mzee Dominique, baba yake Kapinga, alikuwa ameiandikisha familia kwa treni ya Alhamisi ya kurudi Kasai.

"Papa, miye nabaki," Kapinga alimwambia. "Niko na muntu yangu."

"Unamujua muzuri?"

"Minamujua."

Jumatatu, siku ya mtihani wa Chomba, simu ya duka ikalia.

"Alo?"

"Kapinga! Umeniuzisha nini? Pense imekwama! Imeuma kosi, haiachie! Chef, mukubwa ya karakana, iko anacheka!"

"Mupenzi, ngoja kwanza..."

"Bantu ya Kasai, njo vile muko! Munatuuzisha takataka, kisha munaenda zenu!"

Nyuma ya sauti yake wanaume walicheka. Kapinga aliumia, aliumia sana. Lakini pense ile ilikuwa nzuri, na hakukubali kitu kizuri kisingiziwe.

"Bana," akasema.

"Nini?"

"Bana tena, mpaka mwisho. Nilikuambiaka, ukawa unaangalia shingo."

Ikasikika krr, krr, halafu tak. Vicheko vikakoma.

"Imeachia," Chomba alisema kwa sauti ndogo.

Kapinga akakata simu. Jioni alimwambia baba yake, "Niko tayari kwa treni."

Alisikia kwa watu kwamba chef alivuta kosi zote kwa nguvu zake zote, hata moja haikutoka, na Chomba akapata kazi. Jumanne Chomba alipiga simu mara tatu. "Duka imefungwa," Kapinga alimjibu saa nne asubuhi.

Jumatano mchana lori likasimama mbele ya nyumba yao, limebeba wanaume saba. Majirani wakafunga milango. Mwaka ule, lori la wanaume mbele ya nyumba ya Mkasai halikuleta heri. Mzee Dominique akasimama mlangoni peke yake.

Chomba akaruka chini wa kwanza, shati limejaa grisi.

"Papa, nilitukana bantu yenu mbele ya hawa sita. Nimebaleta basikie na hii: nilisema bubaya, na minaomba pardon." Akamgeukia Kapinga. "Na weye, minakupenda. Nataka kukuoa."

Mzee akatoka mlangoni. "Ulimi hauna mfupa, mwana. Pardon tumepokea. Lakini treni iko kesho."

"Kapinga anaweza kubaki," Chomba alisema.

"Hapana," Kapinga akajibu. "Weye umeomba pardon. Bengine barabarani, nani atabaombesha? Miye naenda. Kama unanitaka, unitake kule."

Chomba akaangalia barabara ya mtaa alikozaliwa. Kisha akamgeukia mwanaume mnene aliyekuwa bado ndani ya lori.

"Chef, kesho sitakuja kazi."

"Kazi ya siku mbili!" chef akapiga kelele. "Uko na wazimu?"

"Niko na mwanamuke."

Kapinga alijaribu kununa, akashindwa, akacheka machozi yakimtoka.

"Ingia basi, nikufulie hiyo shati," alisema. "Hautapanda treni na miye hivyo."