Kitu cha Kupimia Ua

Haya alinisimulia rafiki yangu, mume wa marehemu dada yangu. Sikumpa hata pole.

Kazi yake ni kutambua maua ya porini kwa picha. Jioni moja umeme umekatika, namba ngeni ikamtumia picha ya ua asilolijua. Akajibu kama ilivyo kawaida ya kazi yake: “Weka kitu kando yake nijue ukubwa.”

Ikaja picha nyingine, ua na pete. Pete ya dada yangu, tuliyomzika nayo baada ya dada kuanguka ngazini, kama anavyodai huyo mumewe.

“Limeota wapi?” akaandika.

Gizani akasikia udongo ukidondoka chini ya meza. Picha ikaingia. Safari hii, kando ya ua, cha kupimia kilikuwa kiatu chake mwenyewe, na mguu wake umo ndani.