Tao la Matofali ya Kweli

Mshonaji aligeuka mara moja tu kutazama mlangoni, na alipogeuka tena, binti yake hakuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya familia kwenye makumbusho. Ukumbi ulijaa wazazi na watoto wakijenga nyumba za maboksi na vijiti, makelele kama ya sokoni. Gauni lake la bluu, alilolishona mwenyewe, likamganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa mjane, na mtoto yule ndiye pekee aliyebaki naye. Mwenye jicho moja huogopa hata vumbi.

“Unamtafuta binti mwenye maneno mengi?” mwanamume mmoja akamuuliza. “Yuko ndani ya nyumba yangu. Amenifukuza, anasema madirisha ni madogo.”

Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, shati jeupe mikono imekunjwa, penseli sikioni. Kila Jumamosi aliwafundisha watoto pale. Binti, ambaye kwa kuongea kwake aliitwa Chiriku, alikuwa ametambaa ndani ya boksi kubwa, anatoa amri.

Siku hiyo mwalimu huyo aliwaonyesha kujenga tao, upinde kama wa juu ya mlango, kwa matofali ya sponji. Matofali hupangwa juu ya kiunzi cha mbao kilichopinda, la katikati hukazwa mwisho, kisha kiunzi huvutwa na tao husimama lenyewe. Lakini kabla ya kuvuta, mjenzi lazima aulize kwa sauti, “Wote nje?” Tao la Chiriku likaporomoka, likamfunika, akatoka anacheka. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mama yake.

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Zikaanza simu za mchana, cherehani ikinguruma. Mshonaji alimtania mchoraji kwamba anachora majumba ya watu na mwenyewe analala chumba kimoja. Naye akajibu kwamba chumba kinasubiri mtu wa kukishonea mapazia. Mapenzi ni matamu, mama zangu, lakini huziba masikio.

Mchana mmoja Chiriku alimwita mama yake mara mbili aje uani aone kitu. “Nakuja, mwanangu,” akajibu, akaendelea kucheka na simu.

Ghafla mwanamume akanyamaza. Kwa mbali, nyuma ya kicheko cha mpenzi wake, alikuwa amesikia sauti ndogo ikiuliza: “Wote nje?”

“Mtoto yuko wapi?”

“Yuko uani, anacheza.”

“Kuna matofali huko?”

Yalikuwepo, mafundi waliyaacha nyuma ya choo.

“Kimbia, mpenzi. Kimbia sasa hivi.”

Mama alikuwa hajafika mlangoni. Kishindo kilimkuta njiani. Uani kulikuwa na vumbi, rundo la matofali, na pipa bovu ambalo mtoto alilifanya kiunzi. Chiriku alikuwa ameuliza kama wote wako nje, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa ndani, akilivuta pipa. Mtoto asiyenyamaza alikuwa kimya. Mama alifukua kwa mikono hadi kucha zikakatika, mpaka aliposikia mguno.

Mkono ulivunjika. Kichwa kilikingwa na ukingo wa pipa.

Mwanamume alifika hospitali anahema, shati limechomoka. “Ni wewe uliyemfundisha,” mama akamwambia. “Ondoka.” Akaondoka, na simu zake hazikupokelewa tena. Lakini kilichomnyima mama usingizi ni kingine. Aliyekuwa mbali ndiye aliyemsikia mtoto. Aliyekuwa karibu hakusikia.

Plasta ilipotolewa, Chiriku hakutaka zawadi yoyote ila kurudi makumbusho. Mama alikwenda miguu mizito. Kwenye meza, kabla ya sponji, sasa kulikuwa na tofali moja la kweli. Kila mtoto alilibeba kwanza kwa mikono miwili, ahisi uzito wake. Mama naye akalibeba.

“Nilifundisha tao, nikasahau uzito,” mwalimu akasema taratibu.

“Mimi aliniita mara mbili. Nikakutupia wewe lawama.”

Mwalimu akalipokea tofali kutoka mikononi mwake. “Nataka kukuoa, mama Chiriku. Ila naogopa.”

“Ogopa,” akajibu. “Asiyeogopa simtaki karibu na mwanangu. Wewe njoo.”

Simu ikaita mkobani. Hakuna aliyeigusa, maana nyuma yao Chiriku alikuwa ameshika kiunzi.

“Wote…”

Waligeuka pamoja kabla hajamaliza.