Nilimwona Bibi Kila Mchana, Lakini Sikwenda

Nilikuwa naota, au nilikuwa nimetoka kweli mwilini mwangu? Swali hilo moja lilinisumbua kwa miezi...

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita. Nina shahada, sina kazi. Bibi yangu wa Handeni ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa mahindi yake. Nilipomaliza chuo niliona aibu kurudi kwake mikono mitupu. Nikajibanza Korogwe, mtaa wa Kilole, chumbani kwa rafiki yangu.

Kwa kukosa la kufanya, nikawa nalala mchana. Nikazoea zile ndoto ambazo ukiwa ndani yake unajua kabisa kwamba unaota. Humo nilikuwa mfalme! Nikitaka kazi, naipata. Nikitaka mvua, inanyesha.

Kisha likaja jambo jingine. Nilijiona nimelala kwenye godoro, mdomo wazi, nami niko juu karibu na bati. Nikatoka, nikafika Handeni, nikamkuta Bibi uani anapukuchua mahindi. Akainua macho, akanitazama, akatabasamu. Nilijaribu kubadilisha kitu, hata punje moja tu... hakuna kilichonitii.

Nikawaza na kuwazua. Ndoto hunitii, hii hainitii. Basi hii si ndoto. Basi nimemwona Bibi kweli, na ni mzima!

Mjomba akapiga simu, akasema Bibi ananiulizia. Nikamjibu kwamba nitakuja, ila najua hajambo. Akapiga tena, akasema taratibu kwamba mambo mengine hayasemwi kwenye simu. Mimi ninayewaza kila kitu, hilo sikuliwaza. Nipande basi la nini, na kila mchana nafika?

Mjomba alipoacha kupiga, hofu ndiyo iliyonipandisha basi.

Bibi alikuwa uani, anapukuchua mahindi, vilevile! Nikasimama mbele yake. Akainua macho... yakanipita.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikamwamkia shikamoo. Akaangusha gunzi, akanipapasa uso.

"Mume wangu, mbona umekonda hivi? Hiyo digrii haina ugali?"

Nilicheka huku nalia. Macho yake yalikuwa yamezimika tangu kabla ya masika. Alikuwa ananiita ili anione, angali anaona japo kidogo. Yule aliyekuwa akinitazama na kutabasamu alikuwa Bibi wa utoto wangu, niliyemhifadhi kichwani.

Sasa tofauti ya ndoto na ule utokaji naijua, imenigharimu. Katika ile ndoto ya kwanza unajua kwamba unaota. Katika ya pili unaapa kwamba uko macho, na hapo ndipo inapokumaliza. Kwangu mimi, zote mbili hazikuwahi kuvuka mlango wa chumba kile.

Ndugu zangu, mtu wako akikuulizia, usimwendee usingizini. Nenda na miguu yako, angali anakuona.

Mimi nilirudi Kilole mara moja tu, kuchukua godoro. Sasa naishi Handeni. Nikijinyoosha mchana, Bibi hunyoosha mkono akanigusa mguu.

"Upo?"

"Nipo, Bibi."