Kijiko Hakishuki Chenyewe

Maiti ya Crispin ililala kifudifudi chini ya kijiko cha katapila. Watu waliotoka kanisani, bado wamevaa nguo zao za ibada, walikuwa wamekwisha kuihukumu kesi kabla Inspekta Alinanuswe hajazima Landrova yake.

"Mashine ya Kichina hiyo, Afande," alisema wa kwanza.

"Tena kuukuu," aliongeza wa pili.

"Ya Kichina, na tena kuukuu," alimaliza wa tatu, kana kwamba amevumbua jambo.

Inspekta alivuta pumzi. Alikuwa amepata pancha mbili kati ya Mbeya na Ubaruku, jua la saa kumi lilikuwa likimchoma kisogo, na tangu alipokanyaga ardhi ya kijiji hiki hakuna aliyemjibu alichouliza.

"Nimeuliza nani aliyemkuta."

"Sisi sote, Afande. Mitambo ya Kichina haina breki."

Alimwita Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Ezekia, akamvuta pembeni. Ezekia ndiye wa kwanza kumpa habari yenye kichwa na miguu. Kijiji kilitaka kuchimba mfereji wa maji ya mpunga kutoka mtoni. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, Jailos, alikuwa akiuza katapila la kijiko lililotumika kujenga reli. Kabla ya kununua, kijiji kilimleta fundi kutoka Iringa alikague. Fundi huyo ndiye Crispin.

"Alianza jana saa nane mchana," alisema Ezekia. "Alikiinua kijiko, akazima injini, akasema kikae juu hadi leo baada ya ibada. Leo tumetoka kanisani saa tano, tumemkuta hivi."

"Kwa nini kikae juu?"

"Kupima kama mtambo unavuja ndani kwa ndani. Na umevuja, Afande. Si unaona?"

"Naona unavyoona wewe," alijibu Inspekta.

Daktari kutoka Rujewa alithibitisha kwamba kifua kilikuwa kimepondwa kwa pigo moja na kifo kilikuja papo hapo, baina ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Mwanamume mnene mwenye suti ya kaki alisogea bila kuitwa. Alijitambulisha kuwa Yotamu, mkaguzi wa mitambo wa wilaya. Alifika jana jioni kushauri kijiji, akalala kwa Mwenyekiti.

"Pampu imekufa," alisema Yotamu. "Niliwaonya. Mtambo wa Kichina ukiwa mpya ni wa kubahatisha. Ukishatumika ni chuma chakavu."

"Uliukagua?"

"Mimi? Sijawahi kukanyaga mtambo wa Kichina maishani mwangu. Nimesomea mitambo ya Waingereza."

"Basi umejuaje kwamba pampu imekufa?"

Yotamu alikohoa. "Mtu mzoefu hutambua tu."

Kando ya tela lililoleta katapila, kijana mrefu alikuwa amefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe. Huyo alikuwa Nyanda, dereva wa katapila. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na mifugo yao kutoka kaskazini. Yeye alijifunza udereva kwenye kambi za reli, na ndiye aliyekisihi kijiji kinunue mtambo huu. Jana alikuwa amegombana na Crispin mbele ya watu, akamwambia kwamba akiukataa mtambo huo atakiona.

"Nani amemfunga?"

"Wananchi," alijibu Ezekia.

"Wananchi gani? Wana majina?"

Hakuna aliyekuwa na jina. Inspekta aliikata kamba mwenyewe, akamtia Nyanda pingu za serikali. Kumwacha pale kungekuwa kumkabidhi kwa mawe. Mke wa kijana huyo, Mbuke, aliyekuwa na mtoto mgongoni, hakulia. Alimtazama Inspekta tu, hata Inspekta akaona afadhali angelia.

"Afande, mume wangu hakuwa hapa. Alikuwa tindigani, anamvuta ng'ombe aliyezama kwenye tope."

"Nani alimwona?"

"Ng'ombe," alisema Mbuke.

Inspekta alijipangusa uso. "Mashahidi wenu ni ng'ombe, na washtaki wenu hawana majina. Leo nitakoma."

Ndipo akaacha kuuliza watu, akaanza kuuliza vitu. Yeye na Koplo Seni walilizunguka katapila. Kando ya kijiko palikuwa na ufito uliochomekwa ardhini, umechanjwa kwa kisu mahali panne. Kila chanjo ilikuwa na saa iliyoandikwa kwa penseli: jana saa nane mchana, jana saa kumi na mbili jioni, leo saa moja asubuhi, leo saa tatu. Crispin alikuwa akichanja pale ncha ya kijiko ilipofikia. Kutoka chanjo ya kwanza hadi ya mwisho hapakupita upana wa kidole.

"Seni, tangu jana mchana hadi leo saa tatu kijiko kimeshuka kidole kimoja. Kimemponda vipi mtu?"

"Labda kilichoka ghafla, Afande."

"Hata wewe?"

Seni aliinama kuusoma ufito upya.

"Kijiko kinachovuja hushuka kama mzee anavyoketi," alisema Inspekta. "Mtu anapata nafasi ya kutoka, akajikung'uta vumbi na kusalimia. Na kama ni mpira wa mafuta uliopasuka, mafuta yako wapi?"

Ardhi ilikuwa kavu. Mipira yote ilikuwa mizima. Alipanda kwenye kibanda cha dereva. Mpini wa kushusha kijiko ulikuwa umefungwa kwa pini yake ya chuma. Chini ya kiti palikuwa na kitambaa chekundu kilichokunjwa mara nne, safi, pembe kwa pembe.

Jioni hiyo, katika kituo cha Rujewa, alimwonyesha Nyanda kitambaa hicho wakiwa wawili tu.

"Hiki nini?"

"Ni kitambaa cha mpini, Afande. Kambini, msimamizi wetu Mchina alitufundisha hivi: mtu akitaka kuingia chini ya kijiko, kwanza akifunge kwenye mpini. Mpini wenye kitambaa haugusi mtu mwingine, hata kama ni bwana mkubwa. Akitoka, anakifungua mwenyewe, anakikunja mara nne, anakirudisha chini ya kiti."

"Crispin alijua?"

"Alifanya kazi karakana ya reli. Asingeingia chini bila kukifunga. Kamwe."

"Na injini ikiwa imezimwa, mpini unashusha kijiko?"

"Ukitoa pini ukauvuta, kinashuka kwa uzito wake. Puu!"

"Kwa hiyo aliyemuua alifungua kitambaa, akatoa pini, akavuta mpini, akarudisha pini, kisha akakunja kitambaa mara nne."

"Ndiyo, Afande. Lazima awe mtu wa kambi za reli. Mwingine hajui."

"Na kijijini mtu wa kambi za reli ni nani?"

Nyanda alifikiri kwa uaminifu mkubwa. "Ni mimi peke yangu, Afande."

Inspekta alipiga meza. "Nyanda! Unajua kwamba kesi ya mauaji ni kitanzi? Mbona unajivisha mwenyewe?"

"Umeniuliza, nimejibu."

Mtu mwongo hujibu vizuri zaidi ya hivyo. Inspekta aliondoka akiwa na hasira na Nyanda, na Crispin, na wajenzi wa reli nzima. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hata hivyo, alikuwa na hakika ya jambo moja: kijana huyu akinyongwa, atanyongwa kwa kusema kweli.

Jumatatu alikwenda Mafinga. Jailos alimpokea katikati ya magogo ya misindano, msumeno ukipiga kelele, na alipoambiwa kwamba katapila lake ni bovu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mtambo wangu mbovu? Afande, umenivutia magogo msituni Sao Hill mwaka mzima! Minyororo yake haijalika, pampu haijafunguliwa. Nilinunua nikauwasha siku hiyo hiyo, ukanguruma!"

"Ulinunua wapi? Isije ikawa mali ya wizi."

Jailos alikimbia ofisini, akarudi akipunga karatasi. Alitaka sana kuonyesha kwamba yeye si mwizi. Ilikuwa hati ya yadi moja ya mitambo ya serikali, ya mwaka uliopita, na ilisema: *Katapila la kijiko. Injini imekufa. Pampu imekufa. Liuzwe kama chuma chakavu.* Chini palikuwa na jina na sahihi ya mkaguzi.

Yotamu.

Inspekta alisoma mara mbili. "Mtambo ulioandikwa umekufa, ukanguruma siku hiyo hiyo?"

Jailos alinyoosha mkono kuichukua hati, Inspekta akaitia mfukoni.

"Huyu Yotamu ni nani yako?"

"Shemeji," alisema Jailos kwa sauti ndogo.

Njia nzima ya kurudi Inspekta alikuwa akinung'unika. Alikuwa na mwongo, lakini hati ya uongo si mauaji. Wakili yeyote angesema Yotamu alidanganya juu ya mtambo tu. Na mtu aliyefunzwa na Waingereza angejuaje habari za kitambaa?

Jumanne asubuhi kijiji kizima kiliitwa kando ya katapila. Nyanda alifunguliwa pingu, akapanda, akagusa kiwashio. Injini iliitika mara moja, moshi mwembamba ukapaa, mkono ukanyanyuka taratibu na kijiko kikasimama juu ya vichwa vya watu.

"Pampu imefufuka," alisema Inspekta. "Zima. Shuka, uje hapa karibu nami."

Kitambaa cha ushahidi kilikuwa mfukoni mwake. Kingine kama hicho Seni alikuwa amekiweka chini ya kiti alfajiri.

"Nataka watu watatu waingie chini ya kijiko, mmoja mmoja, wanionyeshe alipolala marehemu. Ndugu Mwenyekiti, anza."

Ezekia alinong'ona sala, akaingia, akaonyesha, akatoka mbio. Akafuata Koplo Seni, aliyeingia akitazama juu na kutoka akitazama juu. Hakuna kati yao aliyekumbuka hata kuutupia macho mpini.

"Bwana Yotamu, wewe ni mtaalamu. Ingia chini, utuonyeshe na kasoro iko wapi."

Yotamu alisita. Alimtazama Nyanda aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwenye ngazi ya kibanda. Alikitazama kijiko. Mtu aliyewahi kukishusha juu ya mwenzake ndiye anayejua kukiogopa. Watu walikuwa wakimwangalia, na mkaguzi wa wilaya hawezi kushindwa na mwenyekiti wa kijiji.

Alipanda kibandani. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja chini ya kiti, ukatoka na kitambaa chekundu, ukakifunga kwenye mpini. Kisha akashuka, akaingia chini ya kijiko, akaonyesha hapa na pale, akatoka. Akapanda tena. Akakifungua kitambaa, akakikunja mara nne, pembe kwa pembe, akakirudisha.

Mbuke ndiye aliyeguna wa kwanza.

"Bwana Yotamu," aliita Inspekta kwa upole uliomshangaza mwenyewe. "Nani amekwambia kiko chini ya kiti?"

Yotamu alibaki ameinama mlangoni mwa kibanda.

"Ni... ni kawaida ya madereva."

"Ya Waingereza?"

Koplo Seni alisogea, akasimama chini ya ngazi.

"Ulikuwa kambi gani ya reli?"

"Makambako," alisema Yotamu hatimaye. "Miaka miwili, kabla sijaajiriwa wilayani."

Inspekta akaikunjua ile hati ya Mafinga mbele yake. Yotamu akaketi juu ya ngazi ya mtambo aliouandikia kufa.

"Ulikuwa mzima," alisema. "Mzima kabisa. Shemeji alitaka mtambo wa magogo, mimi nikaandika umekufa ili aupate kwa bei ya chuma. Nilimwambia akae nao huko huko msituni. Yeye akaona atapata zaidi kijijini! Niliposikia unakaguliwa nikaja mbio. Nilidhani nitawatisha wauache."

"Na Crispin?"

"Nilimkuta Jumamosi jioni, nikamshawishi aandike mbovu. Akakataa. Jumapili watu wakiwa kanisani nikarudi. Alikuwa chini ya mkono wa mtambo, amekwangua rangi, amekuta alama niliyogonga mwaka jana ya kuukataa. Akacheka. Akaniuliza, 'Kaka, si huu uliouandikia kufa? Mbona una afya kuliko wewe?' Hakuwa na nia mbaya. Alicheka tu. Akasema ataandika neno moja, *mzima*, na aongeze namba ya alama ile."

"Kitambaa kilikuwa kwenye mpini?"

"Kilikuwepo." Yotamu alifunika uso. "Nilikifungua."

"Ukaua mtu, halafu ukakaa kukunja kitambaa?"

"Sikujua kama nimekikunja, Afande. Kambini ukiacha bila kukunja, msimamizi alikurudisha upake grisi mtambo mzima upya. Mkono ulifanya wenyewe."

Umati ulivuma. Wale wale waliomfunga Nyanda kwa kamba ya ng'ombe sasa walikuwa wakitafuta mawe kwa ajili ya Yotamu, na Inspekta aligeuka akawafokea mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Rudisheni mawe! Jumapili mlikuwa mkimuua asiye na kosa kwa sababu mashine imetoka China! Fundi wenu ameandika ukweli kwenye ufito, chanjo nne, mbele ya macho yenu, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuusoma!"

Mawe yalirudi chini, moja moja.

Yotamu alipokwisha kupakiwa kwenye Landrova, Ezekia alimsogelea Inspekta akiwa ameshika kofia mkononi.

"Afande, na katapila je? Mvua iko karibu. Bila mfereji..."

"Ni kielelezo cha mahakama. Tena ni mali ya umma iliyoibwa. Haliuzwi, halinunuliwi, haliondoki hapa mpaka kesi iishe."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Mwaka. Miwili."

Mbuke alishusha macho. Nyanda alipapasa bati la mtambo kama mtu anayeaga mnyama wake. Inspekta aliwatazama wote wawili, na ile kero aliyokuwa nayo siku tatu ikamtoka kwa kishindo.

"Lakini kielelezo hakiachwi kioze! Mtambo usiotembea huharibika, au mnataka hakimu aletewe kutu? Nyanda! Nakukabidhi. Kila siku ya kazi utauwasha, utauendesha, na kijiko kifanye kazi ili pampu isigande. Uendeshe kwenye mstari mmoja ulionyooka." Akanyoosha kidole kuelekea mtoni. "Ule pale."

Nyanda alielewa baada ya muda kidogo. Mkewe alikwisha kuelewa zamani.

"Afande," alisema Nyanda, "vitambaa umevichukua vyote viwili. Na mimi lazima niingie chini kupaka grisi."

Kabla Inspekta hajafungua mdomo, Mbuke alishika pindo la kanga yake nyekundu, akaling'ata, akachana kipande, akampa mumewe.

Nyanda alipanda, akakifunga kwenye mpini. Kisha akashuka, akainama mahali Crispin alipolala, akauchomoa ule ufito wenye chanjo nne na kuukabidhi kwa Inspekta kwa mikono miwili.