Mashine Iliyokataa Kuzimika

Kila asubuhi Mama Pumba alifungua mlango wa bati, akaingia chumba cha mashine ya kusaga, akasema kwa sauti ndogo, "Umeamkaje?" Kisha akaiwasha injini. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu kutwa nzima nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga na pumba. Yeye hakuchukia. Ni jina la mtu mwenye kazi.

Salamu ile haikuwa ya injini. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Mwaka ulikuwa umepita tangu azikwe, na koti lake la kazi bado lilining'inia kwenye msumari. Mama Pumba aliamini kwamba bado yumo humo ndani, na alikuwa na sababu.

Kwanza, oili ya injini ilikuwa inapotea. Wakijaza leo, kesho kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Binti yake alitandaza majivu sakafuni, chini ya injini, ili waone inavuja wapi. Siku tatu zikapita. Majivu hayakupata hata tone.

"Mama, haivuji," alisema binti. "Sasa nani anainywa?"

"Usiulize maswali hayo humu ndani."

Kisha ukaja moshi wa buluu. Ulitambaa chumbani bila upepo, ukajikusanya pembeni kwenye lile koti. Na jioni, wakiifungia dizeli, injini iliendelea kuzunguka kidogo kabla ya kutulia. Ilikuwa kama mgeni aliyeaga lakini haondoki.

Mama Pumba aliogopa sana. Kama mumewe hataki mashine iguswe, itabidi aifunge. Akiifunga, watakula nini? Hawakuwa na kazi nyingine.

Alasiri moja, binti alifunga dizeli kama kawaida. Injini haikuzima. Iliongeza kasi. Binti akauchomoa mpira wa dizeli kabisa. Ukadondosha matone mawili, ukakauka. Injini ikazidi kunguruma, sakafu ikatetemeka, moshi ukajaa. Wateja walitoka mbio wakaacha ndoo zao. Ukutani, mikono ya koti ilikuwa inapungapunga.

"Mume wangu, basi!" Mama Pumba alilia. "Tumekukosea nini?"

Jirani yao, Fundi Trekta, alisikia mlio ule akiwa karakanani kwake. Alikuwa rafiki wa marehemu. Aliingia na kipande cha ubao mkononi.

"Kaeni mbali! Msiguse kwa mkono!"

Aliukandamiza ubao kwenye tundu ambalo injini huvutia hewa. Injini ikakohoa, ikasita, ikafa.

"Shemeji," Mama Pumba alinong'ona, "dizeli tulishaifunga. Nani alikuwa anaiendesha?"

"Oili yake yenyewe. Ilikuwa inajila. Mnaweka oili gani?"

Binti alileta kopo. "Hii nzuri, fundi. Ile ya baba ilikuwa inageuka nyeusi baada ya siku chache tu. Tukaona alikuwa anauziwa takataka. Hii inabaki na rangi ya asali."

Fundi alicheka, lakini si sana. "Mmemfukuza mfagiaji kwa sababu nguo zake zina vumbi! Dizeli ikiungua inaacha masizi. Oili inayofaa inayaosha na kuyabeba, ndiyo maana inakuwa nyeusi. Hii yenu imeyaacha yagande kwenye ringi za pistoni, zile pete zinazoizuia oili isipande. Ringi zikikwama, oili inapanda kwenye silinda na kuungua, hata dizeli ikifungwa."

"Lakini imeandikwa arobaini, sawa na ya baba."

"Arobaini ni uzito tu. Tazama herufi. Hapa pana SA. S ni ya injini za petroli. C ndiyo ya dizeli. Kopo likiwa na zote mbili, wewe shika ile ya C."

"Na herufi ya pili?"

"Inaonyesha kiwango cha kazi. CA ni ya zamani sana, ya kazi nyepesi. CD na CF zilikuja baadaye, kwa kazi nzito zaidi. Usikisie. Kitabu cha mashine kinasema inataka ipi."

Binti alikitafuta kitabu sandukuni. Kilisema CD.

Fundi aliifungua injini mbele yao. Ringi zilikuwa zimeganda kwa masizi, hazisogei. Siku mbili alisafisha, akaweka ringi mpya na oili ya CD.

Wiki moja baadaye, oili ilikuwa palepale kwenye alama, nyeusi tii. Moshi wa buluu haukuonekana tena. Fundi alikuja kuangalia. Binti akafunga dizeli, injini ikazima papo hapo.

Mama Pumba alitega sikio. Alingoja mzunguko mmoja zaidi, hata mmoja. Kulikuwa kimya kabisa. Akakaa juu ya gunia, akaanza kulia.

"Mama! Si imepona?"

"Imepona, mwanangu. Baba yako ndiye amekufa."

Binti alikaa karibu naye. Fundi alivua kofia, akatazama chini. Mteja alichungulia mlangoni, akauliza kama bado wanasaga.

"Tunasaga," alisema Mama Pumba. Alijifuta uso, akainuka, akaiwasha injini bila kuisalimu.