Mkwe Aliyeoga Akionekana

Kila kiangazi watu wa Matiri, huko milimani, hushuka ziwani na maharage, wakarudi na dagaa. Ni mwendo wa siku mbili, na magoti huujua kuliko miguu. Mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza, Kalista alishuka na mkwewe Florian. Binti yake, Verediana, mke wa Florian, alibaki nyumbani na mimba ya miezi minane.

Kalista hakutaka kuja. Mwaka uliotangulia, ziwa hili hili, karibu na Lituhi, lilimmeza mumewe Antoni. Antoni alikuwa amefuatana na mama mkwe wake, mama yake Kalista. Kwa adabu ya kwao, mkwe haonwi na mama mkwe akioga. Basi alikwenda mbali, nyuma ya majabali, peke yake. Walikuta nguo tu. Hakuna aliyesikia hata kelele.

Walipofika ufukoni, Florian alitua mzigo, jasho likimtiririka.

"Mama, naenda kuoga kule kwenye matete. Maji yametulia kama uji uliopoa."

Akilini Kalista alimwona binti yake akivaa nguo nyeusi.

"We kijana wa milimani!" aliita mwanamke aliyekuwa akianika dagaa. Alikuwa Ottilia, mwenyeji wa hapo. "Unakwenda kuwasalimia mamba?"

Florian akasimama. "Shikamoo, mama. Kwetu tunaoga panapotulia. Maji ya kasi hukutupa kwenye mawe."

"Marahaba. Kwenu ni kijito. Hapo ni mdomo wa mto. Mamba hujificha kwenye matete. Tena mchanga hukatika ghafla: hatua moja maji ya magoti, ya pili huoni jua."

"Basi nitakwenda nyuma ya majabali."

"Hapana!" Kalista alilia. "Huko ndiko alikokwenda mume wangu Antoni, asirudi!"

Ottilia aliacha dagaa wake. Utani ukamtoka usoni.

"Sikiliza, mwanangu. Pumzika kwanza, mwili upoe. Oga tunapooga sisi wenyeji, maji yasipite kiuno. Mawimbi yakianza kutoa povu, toka. Usiende peke yako. Mume wangu Isidori atasimama ufukoni na kamba, akutazame. Ukizidiwa atakurushia. Hataruka majini, tusije tukazika wawili."

"Lakini mama mkwe yupo hapa."

"Atakupa mgongo. Nawe uzungumze, akusikie. Au adabu yenu ni kufa kimya?"

Florian alicheka. Kalista hakuweza.

Alipokwisha kupumzika, Florian aliingia majini. Alisimulia habari za kahawa, za mbuzi wa jirani, za baridi ya Matiri. Kalista, mgongo ziwani, alilishika kila neno. Ghafla sauti ikakatika.

Kalista aligeuka.

Florian alikuwa amesimama, maji kiunoni, mdomo umejaa povu la sabuni. Isidori alikuwa palepale na kamba yake.

"Mama! Umeniona!" Florian alichutama hadi mabegani.

"Nimekuona," Kalista alisema huku akilia. "Chutama upendavyo. Sigeuki mpaka utoke."

Akatoka mzima.

Tangu mwaka ule, watu wa Matiri huuliza wenyeji kwanza, na mmoja akioga, mwingine hutazama. Verediana alijifungua mtoto wa kiume, Florian akiwa mlangoni. Wakamwita Antoni. Kalista alimpokea, akamfunika vizuri, kisha akatoka nje kulia. Mumewe naye angaliweza kutazamwa, akatoka mzima.